Unataka Testosteroni Ipande? Kula, Lala, na Uachane na Sindano ya Kemisti

Kama unapiga tizi pande za Kabazi, Subukia ama Nakuru tao, hii stori ushaiskia. Kuna msee wa jimu anajua msee mwingine mwenye "kitu". Unadungwa mara moja kwa wiki, na baada ya miezi miwili kifua kimepanuka na ile kilima ya kutoka Subukia kwenda Nyahururu unaipanda ukipiga mluzi. Ukiuliza hiyo kitu ni nini, unaambiwa ni testosteroni tu, si kila mwanaume anayo mwilini? Kwani kuna ubaya gani kuongeza kidogo?

Sasa tukae chini tujadili, juu hapo kuna ukweli kidogo na uongo mwingi. Na kwa kijana ambaye mbio ama mpira ndio tiketi yake ya kuomoka, kosa moja hapa linaweza kumaliza kila kitu.

Tuanze na ukweli. Testosteroni ni homoni. Kwa wanaume inatengenezwa sana sana kwa korodani, lakini bosi ako kwa ubongo. Ubongo unatuma ujumbe kwa damu, korodani zinapokea, zinaanza kazi. Homoni ikishatosha, ubongo unaona, unapunguza ujumbe. Ni kama tangi ya maji yenye boya: maji yakifika juu, boya linafunga mfereji lenyewe. Hii homoni ndiyo inasaidia kujenga misuli, kuimarisha mifupa, kutengeneza damu na kurudisha mwili sawa baada ya mazoezi magumu. Mabinti pia wanayo, kiasi kidogo sana, na wanaihitaji. Kwa hivyo siongei na machali peke yao.

Mwanaume mzima mwenye afya huwa kati ya nanomoli 10 na 30 hivi kwa kila lita ya damu. Inakuwa juu asubuhi na inashuka siku ikisonga. Mahali wewe uko kwa hiyo ngazi, sana sana ulizaliwa hapo. Msee mwenye 14 hawezi kula kitu fulani akafika 30. Hakuna. Nani amekuuzia hiyo ndoto amekula doo yako.

Kitu unaweza kufanya ni kuacha kuishusha. Na hapa ndio vijana wengi wanaofanya mazoezi wanajichoma bila kujua. Wanatafuta kitu cha kuongeza na huku tangi linavuja.

Tundu kubwa kuliko yote ni chakula. Si aina ya chakula, ni kiasi. Fikiria ratiba ya kijana wa kawaida hapa kwetu. Anaamka saa kumi na moja asubuhi, anakimbia kilomita 15 tumbo tupu. Anarudi, chai ya rangi na slesi mbili za mkate. Anaenda shamba ama kibarua ama kwa nduthi hadi mchana. Lunch ni chapo moja na madondo kama kuna pesa, kama hakuna ni smokie. Jioni anaenda tena mazoezi. Usiku ndio anakutana na ugali wa kueleweka. Huyo msee ana bidii, hakuna anayemkataza sifa. Lakini mwili wake unapiga hesabu, na hesabu inakataa.

Mwili ukiona chakula kinachoingia hakitoshi kazi inayofanyika, unaanza kuzima vitu ambavyo si vya lazima leo. Moyo hauwezi kuzimwa, mapafu hayawezi. Kitu cha kwanza kuambiwa ingoja ni mambo ya uzazi. Kwa binti, hedhi inapotea. Kwa chali, testosteroni inashuka. Kitambo madaktari wa michezo walikuwa wanaangalia hii shida kwa wanawake pekee. Mwaka 2014 ndio Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoka wazi ikasema hata wanaume inawapata, wakaipatia jina refu ambalo maana yake ni upungufu wa nishati kwa mwanamichezo.

Na usidhani ni shida ya wazungu wanaofanya dayati. Mwaka 2004 watafiti, akiwemo Vincent Onywera na Yannis Pitsiladis, walichapisha utafiti wa chakula cha wakimbiaji 10 wa hali ya juu wa Kenya, waliofuatiliwa kwa siku saba. Karibu asilimia 76 ya nguvu yao ilitoka kwa wanga: ugali, wali, viazi, chai yenye sukari ya kutosha. Hapo hakuna shida, hiyo ndiyo petroli ya mbio. Lakini walikuwa wanakula kama kalori 3,000 kwa siku na kutumia kama 3,600. Hao ni watu wa kambi, wenye mpishi. Sasa wewe wa slesi mbili uko wapi?

Habari njema ni kwamba hii kitu inarudi haraka. Jeshi la Marekani lina kozi ya Rangers, wiki nane za mateso: kutembea na mzigo, kulala kidogo, kula kidogo makusudi. Watafiti waliwapima hao wanajeshi damu. Vijana wazima, wenye nguvu, testosteroni yao ilianguka hadi ikakaribia ya mtu asiye na korodani. Kisha wakalishwa vizuri kwa wiki moja, katikati ya ile ile kozi, bado mateso yanaendelea. Homoni ikapanda tena. Hawakupewa dawa. Walipewa chakula.

Kwa hivyo kabla hujatafuta kitu cha chupa, rekebisha sahani. Na uzuri wa kuishi Kabazi ni kwamba unakaa juu ya chakula. Maziwa unanunua kwa jirani, avokado zinaanguka chini ya mti, maharagwe na mahindi ni za shamba. Kabla ya kukimbia asubuhi kula hata ndizi moja ama kikombe cha uji. Ukirudi, usingoje saa nne: uji wa wimbi wenye maziwa, mayai mawili, kiazi kitamu kilichobaki jana. Githeri ya mchana iwekee avokado, maana mafuta nayo ni muhimu. Hii homoni mwili unaitengeneza kutoka kwa kolesteroli, na watu waliokata mafuta kabisa wameonekana wakishuka kidogo. Jioni ugali wako na ndengu, omena ama nyama ikipatikana. Mutura si dhambi pia. Hesabu rahisi: siku ya mazoezi mara mbili, kula mara nne ama tano. Kama unazidi kukonda na si lengo lako, bado hujafika.

Upande wa pili, kama kitambi ndicho kimekutangulia kwa mlango, hesabu yako inageuka. Mafuta mengi ya tumbo yanachukua testosteroni na kuibadilisha kuwa estrojeni. Huyo akipunguza kilo pole pole, homoni inapanda yenyewe. Lakini wengi wenu mnaosoma hii mkiwa na viatu vya mbio, shida yenu si hiyo.

Tundu la pili ni usingizi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichukua vijana 10 wenye afya wakawalaza masaa matano tu kwa usiku, kwa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu, na vijana wa miaka ya ishirini na kitu, si wazee. Sasa wewe Champions League inaanza saa tano usiku, inaisha karibu saa saba, halafu unaingia TikTok kuona vile watu wanatukana refa. Saa kumi na moja uko barabarani. Hiyo ni masaa matatu na nusu, buda. Sehemu kubwa ya hiyo homoni inatengenezwa ukiwa umelala, kwa hivyo unaamka na mshahara nusu.

Watu wa kambi za Iten na Kaptagat wanajua hii kitu bila kusoma utafiti. Wakimaliza mazoezi ya asubuhi na kula, wanalala mchana. Ni sehemu ya kazi. Wewe huna hiyo starehe kama uko na kibarua, naelewa. Basi linda usiku. Mechi uangalie marudio. Masaa nane, ama saba yasiyokatwa katwa.

Pombe nayo tuiguse haraka. Keg ya kila wikendi ukilewa hadi unabebwa inashusha testosteroni na inaharibu usingizi kwa wakati mmoja. Chupa moja ya sherehe haitakuua. Lakini usiwe ule msee wa kulia ati mazoezi hayamshiki na Jumapili yote amelala na kichwa kama ngoma.

Sasa mazoezi yenyewe. Kuna watu wanasema ukibeba chuma nzito testosteroni inaruka. Ni kweli, inaruka, halafu ndani ya nusu saa hivi imerudi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster huko Canada walitaka kujua kama huo mruko una maana. Kwa wiki 15 vijana walifundisha mkono mmoja peke yake, na mkono mwingine wakaufundisha siku nyingine pamoja na mazoezi mazito ya miguu, ili damu ijae homoni. Mwishowe mikono yote miwili ilikua sawa. Kwa hivyo beba chuma, si ya homoni, beba juu misuli inajengwa na ile kazi yenyewe. Mara mbili kwa wiki inatosha mkimbiaji: kuchuchumaa na uzito, kuinua kutoka chini, kupanda ngazi. Kama jimu iko mbali, debe la maji na mawe ya mtoni hazijawahi kukataa mtu.

Kwa wakimbiaji wa mbali kuna kitu kingine. Profesa Anthony Hackney wa Chuo Kikuu cha North Carolina ameandika tangu miaka ya 1980 kuhusu wanaume wanaokimbia kilomita nyingi kwa miaka mingi, ambao testosteroni yao inakaa chini kuliko ya wenzao. Wengine wanakimbia poa kabisa hata hivyo, kwa hivyo usipanik. Lakini kama unaongeza kilomita kila wiki, hujawahi kupumzika hata siku moja, chakula ni kile kile na usingizi ni ule ule, huo si ugumu. Unajimaliza. Siku moja ya wiki miguu ikae. Kila baada ya wiki tatu ama nne punguza mzigo. Hicho kilima cha kwenda Nyahururu hakitahama.

Tuje kwa vitu vya kuuziwa. Mkombero unaujua, ile mizizi inauzwa na njugu kando ya barabara. Inachangamsha mdomo na watu wanaipenda, sina vita nayo. Lakini majaribio mengi yanayosemwa kuihusu yalifanyiwa panya, na panya hajawahi kukimbia nusu marathoni ya Nakuru. Tribulus, ambayo iko kwa kila mkebe wenye picha ya simba, ilijaribiwa kwa wachezaji wa ligi ya raga huko Australia kwa wiki tano: hakuna nguvu ya ziada, hakuna testosteroni ya ziada. Zinki inasaidia kama ulikuwa umepungukiwa. Kama hujapungukiwa, unakojoa pesa. Maharagwe, mbegu za maboga na nyama zinayo, na ukiloweka maharagwe usiku kucha kabla ya kupika mwili unaichukua vizuri zaidi. Shosho alikuwa anafanya hivyo kitambo na hakukuwa na mkebe wa simba.

Sasa sindano. Hapa nataka unisikize vizuri.

Kumbuka ile boya ya tangi. Ukimwaga testosteroni ya nje, ubongo unaona tangi limejaa, unafunga mfereji. Korodani zinakosa ujumbe, zinaacha kazi, zinasinyaa. Mbegu za kiume zinapungua hadi zinaisha. Unajua Shirika la Afya Duniani liliwahi kujaribu hii kitu kama dawa ya kupanga uzazi kwa wanaume? Matokeo yalitoka mwaka 1990. Wanaume 271 walidungwa miligramu 200 kila wiki, na zaidi ya nusu walifika mahali hakuna mbegu hata moja. Yaani ile sindano unauziwa ndio uwe mwanaume kamili, wenzako walidungwa ili wasizalishe. Ukiacha, wengi wanarudi sawa baada ya miezi, wengine inachukua muda mrefu sana. Katikati hapo huna ya kwako na huna ya kununua, na unaskia vibaya kuliko ulivyoanza. Ongeza damu kuwa nzito, moyo kusumbuka na chunusi mgongo mzima.

Na utashikwa. Njia wanayotumia kukushika inanifurahisha, nikuambie ukweli. Kwanza wanaangalia mkojo wako: testosteroni iko ngapi ukilinganisha na ndugu yake anayeitwa epitestosteroni. Kwa watu wengi zinakaribiana. Ikizidi mara nne, taa nyekundu inawaka. Halafu wanapima kaboni. Kaboni iko na aina mbili, nyepesi na nzito kidogo, na kila mmea unazichukua kwa kiasi chake. Mahindi, miwa, mtama na wimbi ziko kundi moja, zina ile nzito zaidi. Soya iko kundi lingine. Testosteroni ya kiwandani mara nyingi inatengenezwa kutoka kwa mimea kama soya. Sasa wewe umekula ugali tangu uzaliwe, umekunywa maziwa ya ng'ombe anayekula nepia, ambayo pia ni ya kundi la mahindi. Homoni ya mwili wako imebeba alama ya ugali. Ile ya sindano imebeba alama ya soya. Zikiwekwa kwa mashine zinatofautiana wazi wazi. Mkenya wa sima ni rahisi kumshika kuliko mtu anayekula mkate wa ngano. Ugali wako mwenyewe unatoa ushahidi dhidi yako.

Ukishikwa na hii aina ya dawa, adhabu ya kawaida ni miaka minne nje. Kama uko na miaka 22, unarudi ukiwa 26, bila kochi na bila mdhamini. Kenya tuna sheria ya kupambana na dawa hizi tangu 2016 na shirika lake, ADAK. Mwaka 2022 tuliponea chupuchupu kufungiwa nchi nzima kwa riadha, na serikali ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano kupambana na hii mambo. Kwa hivyo watu wa kupima wako, na wanakuja hadi kwa boma. Kukataa si njia ya kutoka: John Ngugi, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano na dhahabu ya mita 5,000 Seoul 1988, alifungiwa mwaka 1993 kwa kukataa kupimwa nje ya mashindano. Si kwa kupatikana na kitu. Kwa kukataa tu.

Na hata bila nia mbaya unaweza kuingia shimo. Ferdinand Omanyala, kabla hajakuwa yule wa sekunde 9.77, alikaa nje miezi 14 kuanzia 2017 kwa sababu ya betamethasoni iliyokuwa kwa sindano ya maumivu ya mgongo. Mark Otieno alifika Tokyo kwa Olimpiki ya 2021 na hakukimbia mita 100 zake, kipimo kilikuwa kimeonyesha steroidi. Sheria haiulizi nani alikudunga, inauliza nini kiko kwa mkojo wako. Kwa hivyo ukienda kwa kemisti ama hospitali, sema mapema wewe ni mwanamichezo. Uliza jina la dawa, liandike, lipige picha, kisha liangalie kwa orodha ya ADAK kabla ya kumeza. Mkebe wa unga usio na jina la mtengenezaji, wacha hapo hapo kwa kaunta.

Mwisho kuna wale ambao kweli homoni iko chini, na si uvivu wala njaa. Dalili si kuchoka siku moja. Ni miezi: hamu ya mapenzi imepotea, bendera haipandi tena asubuhi, majeraha ya mifupa yanarudi rudi, nguvu inapungua na unakula na kulala vizuri. Kwa binti, hedhi ikikosekana miezi mitatu na hana mimba, hiyo si ishara ya kuwa amefika kiwango cha juu kama makochi wengine wanavyosema. Ni ishara ya kuona daktari. Kipimo ni cha damu, kabla ya saa nne asubuhi, na lazima kirudiwe siku nyingine, maana mara moja haitoshi kusema chochote. Usiende siku moja baada ya mbio ndefu ama ukiwa umekesha matangani, utapewa namba ya uongo. Lala siku mbili tatu vizuri, kula, halafu panda matatu ya Nakuru mapema.